Hapa Tumepanga Tu

Watu wa kwao walimwita Mabegi, na jina hilo hakupewa kwa heshima. Alipewa na mama yake mzazi, siku alipomkuta kijana wake wa mwisho, ndevu zenyewe bado zinabisha hodi, anashindilia suruali mbili na kamusi kwenye begi la shule.

"Unakwenda wapi, wewe Mabegi?"

"Duniani, mama."

"Na hapa ulipo ni wapi? Ahera?"

Mabegi alifunga zipu ya begi. Alikuwa na nauli ya kwenda tu, na kichwa kilichojaa upepo. Akaaga, akaondoka, na kuanzia hapo mama yake akawa anapata habari zake kama watu wengine wote: kwa kununua gazeti.

Maana Mabegi aliandika, na tusimnyime haki yake, aliandika vizuri. Alimenya viazi kwenye jiko la meli ya mizigo hadi vidole vikanywea kama vya mtu aliyezama. Alifua mashuka ya hoteli. Alifagia mabehewa ya treni kwenye vituo vya mwisho, akiokota miavuli ya watu waliosahau kwamba mvua haijaisha. Lakini kwenye safu yake ya kila Jumapili, iliyoitwa "Mguu Njiani", hapakuonekana kiazi hata kimoja. Pale ilisomeka kwamba nahodha alimwita juu kumwomba ushauri kuhusu dhoruba. Nahodha mwenyewe hakujua kama huko jikoni kuna mtu anaitwa Mabegi. Alichojua ni kwamba viazi vya siku zile vilikosa chumvi, na haishangazi, kwani chumvi yote ya chombo kile ilikuwa inakwenda kwenye makala.

Alirudi kwao mara moja, kuoa. Alimwoa muuguzi ambaye kila mtu, hata mama mkwe, alimwita Sista. Sista alikuwa na akili za kumtosha mwenyewe na jirani, na katika maisha yake alidanganyika mara moja tu, siku ambayo kijana mwenye koti la kuazima alimwambia, "Ukiwa na mimi, utaiona dunia." Aliiona. Aliiona kutoka dirisha la jikoni, ghorofa ya nne, katika mji wa baridi ambako jengo la mbele lilikuwa sawasawa na lao, na jiko la mbele lilikuwa na mwanamke mwingine anayeangalia jiko lao.

Walipata watoto wawili. Wa kwanza, binti, baba yake alimpa jina la Kasuku kwa sababu alirudia kila alichosikia. Wa pili, wa kiume, alikuwa Bonge, kwa sababu zilizoonekana. Sista alipata kazi hospitali na akailea familia kwa mikono hiyohiyo iliyokuwa inageuza wagonjwa. Mabegi alisafiri. Kikazi, alisema. Alitoweka kwa majuma, akarudi na soksi chafu na hadithi safi, akaloweka miguu kwenye beseni na kuandika.

Katika kitabu chake cha pili mna sura nzima, watu wa kwao wanaikumbuka mpaka leo, kuhusu baba aliyekesha akimkanda mtoto mwenye surua. Sista aliisoma akiwa anapiga pasi.

"Baba watoto, huyu mtoto mgonjwa ni wa kwetu?"

"Wa kwetu, ndiyo."

"Na huyu baba anayemkanda ni nani?"

"Ni mimi, nani tena?"

"Mh. Basi na mimi nilikuwa mgonjwa siku zile. Macho. Maana sikukuona."

"Hiyo ni fasihi, mke wangu."

"Haya, fasihi. Nisogezee hilo shati jingine."

Shati hilo, kama mengine, lilipigwa pasi juu ya friji. Inabidi tuieleze friji hiyo, kwa sababu wageni wote waliiulizia. Ilikuwa mpya, ndani ya boksi lake, imelazwa koridoni tangu Kasuku hajaanza kutambaa. Mabegi aliinunua kwa ajili ya kurudi nayo kwao. Isifunguliwe, alisema, isije ikachubuka. Sista akaitandikia blanketi, ikawa meza ya pasi, na nyumba ikaendelea kutumia kifriji cha zamani kilichokuwa kinakoroma jikoni kama mzee wa mafua. Ndivyo nyumba nzima ilivyokuwa. Viti vilibaki na nailoni zake, na ukikaa wakati wa joto unanata kama stempu. Ukutani hapakupigwa msumari hata mmoja. Mapazia hayakununuliwa, ya nini, na sisi tunaondoka? Sista aliwamba shuka la hospitali dirishani, lenye mhuri wa hospitali, na kwa upande wa nje majirani walisoma mhuri ule ukiwa umegeuka kichwa chini.

"Tunaondoka lini?" Sista aliuliza, mwanzoni kila mwezi, kisha kila mwaka, kisha basi.

Siku moja Kasuku, yuko darasa la pili, aliingia kutoka shule na mashavu yaliyokauka kwa baridi, anaruka.

"Mama! Rafiki yangu anakuja kucheza kwetu!"

Mabegi alikuwa miguu ndani ya beseni. Neno hilo lilimchoma sikio la kiuandishi.

"Kwetu wapi?"

"Hapa."

"Hapa si kwetu, mwanangu. Hapa tumepanga tu. Kwetu ni kule."

"Kule ambako sijawahi kufika?"

"Hukohuko."

"Sasa hapa ni kwa nani?"

"Hapa ni kwa mwenye nyumba."

Mtoto akafikiri. Kesho yake akamwambia rafiki yake asije, kwa sababu mwenye nyumba labda hatapenda. Na kwa kuwa alikuwa Kasuku, akalishika neno. Akiumwa tumbo darasani alimwambia mwalimu, kwa lugha ya mji ule, kwamba anaomba aruhusiwe kurudi kwa mwenye nyumba. Mwalimu aliita watu wa ustawi wa watoto. Walikuja wanawake wawili wenye mikoba, wakakaa kwenye viti vya nailoni, wakanata, wakamuuliza Sista kwa upole kama mtoto huyu kweli ni wake.

Sista alijibu maswali yote na kuwapa chai. Walipoondoka alikaa juu ya beseni lililogeuzwa na kulia, kimya, kama mtu anayehesabu kitu. Mabegi alicheka mpaka akakohoa, kisha akaandika makala. "Mtoto wa Mwenye Nyumba" ilipendwa kuliko zote alizowahi kuandika. Watu wa kwao waliikata gazetini wakaibandika ukutani, ndiyo, ukutani, kwa msumari.

Watoto wakakua. Bonge alipata kazi mji wa mbali, akawa anajibu kila ujumbe wa baba yake kwa kikatuni cha kidole gumba. Kasuku akaolewa na kijana wa hapohapo, mpole, mtoto wa fundi bomba. Akapata binti. Nyumba yake ilikuwa na mapazia, tena mazito, yenye maua makubwa, na misumari ukutani kama mtu anayelipiza kisasi.

Sista alistaafu, akaugua, akalala kwenye wodi aliyokuwa akiifanyia kazi, akihudumiwa na wasichana aliowafundisha mwenyewe kutandika kitanda. Mabegi, ambaye safari hii hakuwa amesafiri, alimshika mkono.

"Nitakupeleka kwetu, Sista. Nitakuzika kwetu, karibu na mama."

"Thubutu," Sista alisema. Hakuwa na pumzi nyingi, ila hiyo aliitumia vizuri. "Nizikeni hapahapa, watoto wapate kuja. Huko kwenu nani ananijua? Wananijua kwenye gazeti."

Wakamzika hapo, kwenye makaburi yaliyo nyuma ya karakana ya mabasi. Na hapo ndipo jambo la ajabu lilipomtokea Mabegi, nalo hakuliandika popote, pengine kwa sababu lilikuwa la kweli. Kila akienda kupangusa majani juu ya jiwe lile, miguu ikawa mizito kuondoka. Mhariri alipompigia kumtaka aende sehemu fulani akaandike, alisema goti linauma. Mwenzake wa zamani wa melini alipomuuliza, "Lini unarudi kwenu?" alijikuta anamuuliza habari za hali ya hewa. Alirudi ghorofa ya nne, akalifungua lile boksi la friji, akachomeka waya ukutani. Friji haikuwaka. Ilikuwa imezeeka bila kufanya kazi hata siku moja.

Jumapili alikula kwa binti yake. Baba mkwe wa Kasuku, yule fundi bomba, alikuwa ameshahamia pale. Alikuwa amewapigia simu tu na kusema, "Wanangu, ngazi zimenishinda. Nikaribisheni kwenu," nao wakaenda kumbeba. Sasa alikuwa na chumba, na kiti chake, na mjukuu aliyemsuka nywele zake tatu zilizobaki. Mwisho wa korido kulikuwa na chumba kingine kidogo cha kupigia pasi, na dirisha linaloangalia mti. Mabegi alikuwa akienda chooni anapitia pale, anachungulia, anapima kwa macho: kitanda hapa, meza pale. Kisha anarudi mezani na kusema supu ni tamu. Kumwomba binti yake chumba! Yeye, Mguu Njiani! Neno lilimfika kooni kila Jumapili, na kila Jumapili akaliteremsha kwa supu.

Kiharusi kilimkuta kwenye foleni ya mikate. Aliamka hospitali, upande mmoja wa mwili umelala kama mgeni asiyetaka kuondoka, na lugha ya mji ule imefutika kichwani. Yote. Lugha aliyoiongea miaka na miaka, aliyotaniana nayo na wauza mikate, imepanguswa kama ubao. Daktari alipofungua mdomo, Mabegi alisikia maji yanayomwagika kwenye sinki. Kiswahili kilibaki, kizimakizima, ila kilitoka polepole na kwa kona moja ya mdomo.

Wakamwita Kasuku awe mkalimani. Alikuja kila siku akitoka kazini, koti halivui. Aligeuza maneno huku na huku, meza dawa, nyanyua mguu, unahisi hapa, unahisi pale, kwa sauti moja kavu, na Mabegi alimwangalia akajiambia kimoyomoyo kwamba jina alilompa lilimfaa. Hakuthubutu kulitamka. Binti alishamwambia ukubwani kwamba akimwita hivyo tena mbele za watu hatamjibu.

Ikafika siku ya swali. Daktari alisimama miguuni pa kitanda, muuguzi pembeni, Kasuku kichwani. Mabegi alijua ni swali gani. Alikuwa amelisubiri kwa hamu na kwa hofu, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kusubiri. Ngazi za ghorofa ya nne zilikuwa zimeshamuaga. Ilikuwa ama kile chumba chenye dirisha la mti, ama kokote kwingine.

"Baba," Kasuku alisema. "Daktari anauliza, ukitoka hapa unataka ukakae wapi?"

Akavua koti, kitu ambacho hakuwahi kufanya pale, akaliweka magotini, akasubiri.

Jibu lilikuwa fupi mno. Kwako. Hata mdomo nusu ungeliweza. Lakini Mabegi alikuwa mwandishi, na mwandishi ukimpa neno moja atakutafutia jingine lenye adabu zaidi. Kwako lilikuwa na harufu ya kuomba. Kwako lingemfanya yeye kuwa mzigo na binti kuwa mchukuzi, hapo hapo mbele ya daktari. Akatafuta neno litakalowachukua wote pamoja, yeye na binti yake na mjukuu na Sista aliyelala nyuma ya karakana ya mabasi, bila mtu kumwomba mtu. Akalipata, akalipenda, akalisema.

"Kwetu."

Kasuku alimwangalia.

"Kwetu?"

"Kwetu," alisema Mabegi, na akajaribu kutabasamu kwa upande uliokuwa bado unatii.

Binti aliendelea kumwangalia kwa muda, kama mtu aliyepiga hodi na kusikia nyayo ndani zinakuja mlangoni, halafu zinarudi. Kisha akamgeukia daktari na kusema sentensi, tena ndefu. Daktari akaandika. Muuguzi akampiga Mabegi kofi dogo la upendo kwenye mguu uliokufa. Mabegi akalala usingizi mtamu, wa mtu aliyeshinda bila kupigana.

Furaha hiyo ilidumu hadi muuguzi mmoja mcheshi, akimbadilisha shuka, alipomwonyesha kwa kiganja kitu kinachopaa, vuuuu, huku akimkonyeza. Mabegi alicheka naye. Halafu akaacha kucheka.

Kasuku alipokuja siku ile alikuwa anavuta begi jipya la magurudumu.

"Begi la nini?"

"La safari, baba. Shangazi kule ameshapaka rangi chumba chako. Anasema majirani wote wanauliza unafika lini."

"Safari gani? Mimi siendi... mimi nilisema kwetu."

"Ndiyo. Kwetu. Ndiko unakokwenda."

"Siyo kule." Maneno yaligongana kwenye kona ya mdomo. "Kwetu... mimi na wewe. Hapa."

"Hapa ni kwa mwenye nyumba, baba."

Alilisema bila hasira, bila kicheko, kama mtu anayesoma bango. Mabegi alifunga jicho. La pili lilikuwa halifungi vizuri, likabaki linaona.

"Hukunielewa, mwanangu."

"Nilikuelewa." Kasuku alikaa ukingoni mwa kitanda. "Nilijua inawezekana unamaanisha hivyo. Meza ya pasi nilikuwa nimeshaitoa, godoro nimeshanunua, mjukuu wako amebandika picha ya paka ukutani. Nikakaa pale nasubiri useme kwako. Neno moja, baba. Unayajua maneno yote ya dunia, hilo ndilo lililokushinda? Baba mkwe hajui hata kuandika barua, na alisema kwenu kwenye simu akiwa anatafuna."

"Ungenisaidia... ungemwambia daktari..."

"Ningemwambia kwamba baba akisema kule ana maana ya hapa? Shuleni nilieleza, kwa wale wanawake wenye mikoba nilieleza, hata kwenye msiba wa mama nilieleza kwa nini huna hata pazia. Nimechoka kukutafsiri."

Mabegi alihema. Akakusanya kila kilichobaki katika mdomo ule uliolala nusu.

"Kwako," alisema. "Basi. Kwako. Nipeleke kwako."

Kasuku alichukua kitambaa akamfuta mate kidevuni, taratibu.

"Sasa ndiyo unasema," alisema.

Lakini hakulirudisha begi. Akalifungua, akaanza kupanga mashati, na yalikuwa yamenyooshwa vizuri, kola zimesimama. Mabegi alimtazama akikunja shati baada ya shati na hakusema tena, kwa sababu maneno ya kusema yalikuwa yamekwisha, na kwa sababu kwa mara ya kwanza maishani mwake alitaka sana kubaki mahali.

Safari yake kubwa kuliko zote haikuandikwa. Alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, jina lake likiwa limeandikwa kwenye kikaratasi shingoni kama mtoto anayepelekwa shule ya bweni. Kasuku alimsindikiza mpaka nyumbani kwa Shangazi, akamwonyesha Shangazi dawa, akalala pale siku chache, akarudi kwake.

Dada yake Mabegi, huyo Shangazi, ni mama mwenye sauti ya kutosha mtaa mzima. Alimpa kitanda kizuri, na kila jioni aliwaleta wageni. Walijaa mlangoni: wasomaji wa zamani, wajukuu zao, mwalimu mstaafu wa shule ya jirani.

"Haya, Mguu Njiani, tupe za huko!"

"Hebu ongea kidogo kile kilugha chao tusikie."

Mabegi alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Wakamsubiri kwa adabu, wakaangaliana, wakanywa chai ya Shangazi. Mwalimu mstaafu alisema kwa sauti kubwa, akidhani uziwi ni jina jingine la kiharusi, kwamba ile ya mtoto wa mwenye nyumba ilimchekesha sana enzi zake. Baada ya majuma machache walipungua, halafu akabaki mwalimu peke yake, na yeye alikuja kwa ajili ya chai.

Jumapili Kasuku alipiga simu. Alipiga kila Jumapili, tusimwonee. Shangazi aliiweka simu kwenye mto, karibu na sikio zima.

"Umekula, baba?"

"Nimekula."

"Mazoezi ya mguu?"

"Kidogo."

Nyuma ya sauti ya binti yake, Mabegi alisikia nyumba ile: vijiko, kiti kinaburutwa, sauti nene ya fundi bomba ikisema kitu na watu wakicheka. Kisha kasauti kadogo kalikaribia simu kakauliza jambo kwa ile lugha iliyompotea. Kasuku akajibu kwa hiyohiyo, harakaharaka. Kasauti kakauliza tena.

"Anasema nini?" Mabegi aliuliza.

"Aliuliza naongea na nani. Nimemwambia naongea na babu."

"Na sasa? Ameuliza nini sasa?"

Kasuku alichelewa kujibu, na mkalimani mzuri hachelewi hivyo.

"Anauliza babu yupi."